Taa ya Kijani ya Baba Shifa

Mwatima anajua nguo. Hilo hata mahasidi wake wa Darajani hawawezi kumnyima. Mpe kitambaa akifinye kwa vidole viwili, macho kafumba, atakwambia kama kitachuja mfuo wa kwanza au kitavaliwa mpaka kirithiwe. Lakini kompyuta? Kompyuta kwake ilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa cha kufuma kisiingie vumbi, basi. Kwa hivyo aliposhuka Guangzhou mara hii akaanza kuulizia laptop ya kuchezea gemu, tena zile gemu kubwa zinazotesa mashine, Watanzania wenzake wa mtaa wa Xiaobei walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Bi Mwatima na gemu wapi na wapi?" wakamwambia. "Au umeshachoka na madera?"

Naye akacheka nao. Angefanyaje? Asimame katikati ya mgahawa, watu na sahani zao za biriani mbele, aseme kwamba mashine hiyo ni ya kumfuatia maiti?

Mashine ilikuwa ya Shifa, binti yake wa pekee, aliyemwacha Kikwajuni, Unguja, na bibi yake. Na maiti, kama kweli ni maiti, alikuwa Ghalib, mume wa Mwatima, baba wa Shifa.

Ghalib alikuwa wakala hapa hapa Guangzhou. Mfanyabiashara wa Unguja akitaka mashuka, viatu au vigae, alimpigia Ghalib. Ghalib akanunua, akapakia, akausindikiza mzigo mpaka bandarini Huangpu. Nyumbani alirudi Ramadhani, na wakati mwengine akishikwa na hamu. Mwaka jana alianguka ghalani akiwa kalishika robota la jinzi. Presha. Wenzake wakamkimbiza hospitali, asifike na roho yake. Kesho yake wakamwosha, wakamsalia, wakamzika katika makaburi ya Waislamu ya huku huku, maana maiti haiwekwi, na kumrudisha kwao kungekuwa kazi ya wiki na wiki na karatasi zisizokwisha.

Waliomzika walitenda wema, tena wema mkubwa, Mungu atawalipa. Lakini Unguja kilifika nini? Pasi yake ya kusafiria, saa yake ya mkononi, na video fupi ya simu inayotikisika: migongo ya watu, jeneza limefunikwa, udongo, sauti zikiitikia amin. Uso haukuonekana. Nani mwenye adabu zake atampiga maiti picha ya uso?

Sasa midomo ya watu si unaijua. Mjane hajatoka eda, tayari sokoni wananong'ona. "Huyo Ghalib kamwona nani akizikwa? Si hao hao marafiki zake? Wangapi wamekufa Uchina, baadaye wakaonekana Yiwu na mke na duka juu!" Hawana haya hata kidogo! Mwatima aliyasikia yote, akayameza, akakaa eda yake barabara, bila wanja, bila manukato, bila kuchungulia mlango wa nje.

Alipotoka eda tu, taa ikawaka.

Hapa inabidi nikueleze mchezo wenyewe. Ghalib na Shifa walikuwa na gemu yao ya malori. Yeye chumbani kwake Guangzhou, mtoto chumbani kwake Kikwajuni, kila mmoja na laptop yake na visikizi masikioni, wanaongozana na malori yao katika barabara za Ulaya ambako hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga. Wanapeleka mbao, wanapeleka maziwa, wanapeleka mitambo, mvua inanyesha, na huku wanazungumza. Mitihani. Nani kaolewa. Mama leo kapika nini. Mwatima alikuwa akiwagombeza wote wawili: "Mtu kutwa anapakia makontena ya kweli, akipumzika anaendesha lori la uongo! Nyie mna akili nyie?" Ghalib alikuwa akicheka, akipiga honi ya lori ili yeye aisikie huku jikoni.

Baadaye gemu ile ilipanuliwa na walioitengeneza, ikanenepa, na laptop ya Shifa ikashindwa kuibeba. Ikiwashwa inaunguruma, inapata moto, inazimika. Ikabaki kwenye simu orodha ya marafiki tu. Jina la rafiki aliyeingia mchezoni huwa na taa ya kijani pembeni. Aliyetoka, taa huzimika. Ghalib humo alijiita BabaShifa. Na asubuhi moja Shifa alitoka chumbani kaishika simu kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

"Mama. Tazama."

BabaShifa, na taa ya kijani inawaka.

Iliwaka muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, ikazimika. Siku ya pili hakuna. Siku iliyofuata ikawaka tena, tena kwa muda mfupi. Shifa akaandika ujumbe: Baba? Haukujibiwa. Akaandika mwengine na mwengine. Taa inawaka, taa inazimika, neno hakuna.

Msidhani mtoto yule ni mjinga. La kwanza alilouliza ni: "Laptop ya Baba iko wapi?" Mwatima akamuuliza Dullah, rafiki wa Ghalib aliyesimamia mazishi. Dullah akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole wake ule ule: "Shemeji, vitu vya marehemu vyote nilivitoa sadaka kwa niaba yake. Ile laptop ilifutwa kila kitu, ikauzwa, tukaweka mtambo wa maji ya kunywa msikitini. Usiwe na wasiwasi." Maneno mazuri kabisa. Ila Shifa aliyasikia vyengine. Kama mashine ilifutwa kila kitu, basi anayeingia na jina lile anaijua nywila yake. Na nywila ile, hata yeye mwanawe hakupewa.

"Yuhai," akasema. "Yuhai, na anatukimbia."

Kuanzia hapo nyumba haikuwa nyumba tena. Siku ya hitima Shifa alijifungia chumbani, watu wamejaa uani na misahafu mikononi. "Simsomei mtu aliye hai." Bibi yake, mama mzazi wa Ghalib, alilia mpaka akatiwa maji hospitali. Chuo nako akaacha kwenda. Alikuwa mwaka wa pili, anasomea ualimu, mtoto mwenye akili za kumkatisha mtu maneno. Lakini taa ilikuwa ikiwaka asubuhi mpaka adhuhuri, saa za masomo, na yeye hakutaka apitwe akiwa darasani. Alikaa kitandani, simu mkononi, anakonda. Chuo kiliandika mara ya kwanza, kikaandika mara ya pili. Asiporudi muhula huu, nafasi yake imekwenda.

Mwatima aliposema anasafiri kununua mzigo, Shifa akainua uso kwa mara ya kwanza baada ya wiki.

"Niletee laptop inayobeba gemu, Mama. Ya bei nafuu tu, sitaki mapambo. Nikiwa na mashine nitaingia barabarani nilitafute lori lake. Nitamfuata nyuma nimpige taa. Kwenye simu anaweza kuninyamazia, barabarani hawezi."

Mama gani angekataa? Na mama gani angekubali? Mwatima alikubali, akaingia chooni, akafungua maji yamwagike watu wasimsikie.

Kwa sababu yeye mwenyewe, jamani, alikuwa na lake. Kila swala alimwombea Ghalib msamaha pamoja na maiti wengine wa Kiislamu, na akimaliza, kabla hajakunja msala, alikuwa akiwaza: na kama kweli? Kama yuko Yiwu na mke na duka? Zamani wazo kama hilo lingempandisha wazimu. Sasa alilishikilia. Heri awe na mke. Heri awe na wake watatu, na watoto, na nyumba ya ghorofa, na awe amemsahau yeye Mwatima kabisa, lakini awe anapumua. Aibu gani hii, mwanamke mzima kumwombea mumewe awe msaliti! Alijitukana, na kesho yake akawaza vile vile.

Guangzhou ikamzidishia. Kila pembe ya Xiaobei ilikuwa na mgongo wa Ghalib. Siku ya tatu, Shahe, kwenye yale majengo ya nguo za jumla ambako watu wanapigana vikumbo na mifuko myeusi vichwani, alimwona. Kofia ile, bega la kushoto limeshuka kidogo, anavuta mkokoteni. Mwatima aliyaacha madera aliyokwisha kuyachagua juu ya meza ya mwenyewe, akamfuata. Akapanda naye ngazi, akashuka naye ngazi, akikanyaga watu na kukanyagwa. "Ghalib! We Ghalib!" Alipomshika mkono, mtu akageuka. Mzee wa Guinea, uso wa upole, akamsemesha Kifaransa. Mwatima akamwomba radhi kwa Kiswahili na mikono. Aliporudi kwenye madera, muuzaji, aliyekuwa akimwita "mama" kwa bashasha asubuhi ile, akapunga mkono: "Meiyou, meiyou," hakuna tena, yameshachukuliwa. Hakubishana. Alikaa juu ya robota la mtu.

Chumba alikuwa amepanga pamoja na Njoki, Mkenya wa Nairobi anayenunua simu na vifaa vyake. Njoki hakuuliza laptop ya nini. Alifurahi tu kupata mtu wa kumsikiliza.

"Mathe, usidanganywe na mataa ya keyboard," akamwambia, anakunja nguo zake kitandani. "Hizo ni za kufurahisha wageni. Mimi moja iliniumiza, wacha tu. Nilichukua nyembamba, ikikaa mezani unaeza lia vile ni supa. Washa gemu: dakika chache imekuwa pasi, unaeza piga nayo shati. Betri? Ya kukupeleka choo na kukurudisha. Na charger yake ni tofali, ukiibeba bega inalala."

"Sasa mie nitajuaje, mwanangu? Mie najua kitambaa."

"Kwanza ichukue nene. Nene inapumua. Angalia skurubu za chini, zikiwa na mikwaruzo imefunguliwa hiyo, wamecheza nayo. Zingine zimefanyishwa kazi mchana na usiku, zikapigwa brashi, zikapewa boksi mpya. Na usikubali wakuwekee video ya maua, eti ona rangi. Waambie wawashe gemu nzito, hapo hapo, mbele yako. Weka shavu hapa pembeni uskie joto. Ikianza kulia kama mtoto, toka."

Mwatima aliyashika yote. Siku mbili alizunguka maduka ya Tianhe, akiweka shavu lake kwenye mashine za watu kama anayembusu mtoto mchanga, vijana wa Kichina wakimtazama na kuzibana pua wasicheke. Moja ilikuwa ya moto. Moja ilikuwa na skurubu zilizokwaruzwa. Moja ilikuwa nzuri, ya baridi, imara, lakini bei yake ingemaliza mtaji wote wa madera. Alikuwa akiipitisha mikono kwenye vifuniko vile, akiwaza: hii ndiyo itakayomleta? Au hii? Aliziogopa. Wallahi aliziogopa. Alikuwa akitafuta kitu cha kumwonyesha mwanawe mzimu kwa uwazi zaidi.

Siku ya tatu ya kuzunguka, Dullah akasema basi, nitakupeleka mwenyewe.

Dullah ni mtu mnene, wa taratibu, mwenye kuona haya. Njia nzima kwenye treni alizungumzia bei za kontena na foleni ya meli. Si kwamba hakumkumbuka Ghalib. Alimkumbuka mno, ndiyo maana hakumtaja. Mwatima naye alikuwa na swali moja kooni tangu alipotua uwanja wa ndege, na halitoki. Utamuulizaje mtu aliyemwosha mumeo? Shemeji, una hakika mlimzika? Shemeji, ulimwona uso? Ni kumwita mtu mwongo na mchawi kwa pamoja.

"Huyu laoban ninayekupeleka kwake hana janja janja," Dullah akasema walipofika. "Tunamwita laoban, yaani bosi, kama huku wanavyoitwa wenye maduka wote. Marehemu naye alinunua kwake."

Marehemu. Neno hilo lilimchoma Mwatima, akatazama pembeni.

Kiduka kilikuwa ghorofa ya pili, upana wake ukinyoosha mikono unagusa kuta. Laoban alikuwa mtu wa makamo, miwani juu ya paji la uso, anakunywa chai kutoka kwenye chupa. Aliposikia gemu akachangamka. Akaleta mashine mpya, nene, isiyo na mapambo, kampuni isiyo na jina kubwa. Akamweleza Dullah kwa Kichina, Dullah akageuza Kiswahili: kadi yake ya picha si ya juu kabisa lakini inatosha, kumbukumbu anaweza kuongeza baadaye, warantii ni ya huku huku tu, ikiharibika Unguja ndiyo imeharibika. Bei yake ilimfanya Mwatima ainue uso. Iliwezekana.

Akazitazama skurubu. Safi. Akafungua na kufunga kifuniko. Kizito, hakilegei.

"Mwambie awashe gemu," akasema.

Dullah akatafsiri, na laoban akacheka kwa furaha, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Ana mtindo wake wa kuuza. Hakuwashii mashine mpya peke yake. Huweka pembeni mashine ya zamani, akaziwasha zote mbili na gemu moja, ili mteja asikie kwa masikio yake tofauti. Akainama chini ya meza, akatoa laptop moja kuukuu, kona imemeguka, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaichomeka umeme.

"Sikiliza hii ya zamani inavyolia," Dullah akatafsiri. "Halafu usikilize mpya."

Ya zamani ikaanza kuunguruma. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, halafu barabara. Barabara ndefu, mvua inanyesha, vifuta maji vinakwenda kulia na kushoto, usukani mkubwa wa lori. Mwatima aliujua usukani ule. Na juu kwenye kona, kwa herufi nyeupe: BabaShifa.

Unajua alifanya nini? Aligeuka nyuma. Aligeuka akatazama mlangoni, kwa tabasamu, wallahi kwa tabasamu, kama mtu aliyeitwa na anayemjua.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi?" akasema. Akamshika laoban bega. "Mwenye jina hili! Yuko wapi? Muulize, Dullah! Muulize anakuja saa ngapi!"

"Nani, shemeji?"

"Ghalib! Si jina lake hilo? Si yeye anayeingia kila siku? Muulize, bwana!"

Dullah akakitazama kioo. Akasoma. Rangi ikamtoka usoni, akawa anamuuliza laoban polepole, na laoban anajibu haraka haraka, mikono ikionyesha mashine, akionyesha kiti, akionyesha wateja wasiokuwepo. Halafu Dullah akajishika kichwa.

"Mashine hii nilimuuzia mimi," akasema. "Ndiyo ile ya marehemu. Nilimwambia afute kila kitu. Anasema alifuta picha na video na makaratasi kama nilivyotaka. Gemu hakuifuta kwa sababu ni kubwa, kuishusha upya ni nusu siku, na hii ilikuwa tayari imefunguliwa, haiulizi nywila. Kila mteja akija anaiwasha dakika chache amsikilizishe. Hajui kama ni jina la mtu."

"Na weye hukutazama? Umeuza mashine ya mtu hukutazama?"

"Ningetazamaje, shemeji?" Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Nilijua humo mna picha za nyumbani. Weye kichwa wazi, Shifa kichwa wazi, mmekaa kwenu. Mie nifungue nitazame sitara ya mwenzangu, naye ndiyo kwanza nimemtia mchangani? Sikuifungua hata mara moja. Nilimkabidhi huyu nikampa mgongo mpaka akaniambia tayari. Nilidhani nimemhifadhi."

Na kweli alidhani hivyo. Ungemlaumu kwa lipi? Mwatima alitaka kumlaumu, amtukane, akaishia kulitazama jina lile kiooni. Miezi yote ile. Bibi kutiwa maji, mtoto kukonda, yeye mwenyewe kukimbizana na mzee wa watu Shahe. Hakukuwa na Yiwu. Hakukuwa na mke, wala duka, wala watoto. Kulikuwa na muuza kompyuta na chupa yake ya chai. Alikaa juu ya boksi, na kitu alichokuwa akikishikilia kila baada ya swala kikamtoka mikononi, na maumivu yake yalikuwa makali kuliko ya siku ile alipopigiwa simu.

Hapo chini ya kioo pakatokea kidirisha kidogo.

Baba?

Unguja ilikuwa asubuhi. Shifa alikuwa kitandani, na taa imewaka.

Baba, Mama yuko huko. Ukimwona usimkimbie.

Halafu: Sijakasirika mie. Hata kama una watu wengine huko. Sema neno moja tu.

Laoban akanyoosha kidole akifunge kidirisha, kama alivyozoea. "Huyu kila siku," akamwambia Dullah, anacheka kidogo. Mwatima akamdaka mkono, mkono wa mwanamme asiyemhusu, wala hakukumbuka. Akausukuma pembeni. Akakivuta kiti, akakaa mbele ya mashine ya mumewe, na kwa kidole kimoja akazitafuta herufi.

Shifa

Hakujua kwa nini aliandika hivyo na kutuma. Labda alitaka tu kumwita. Jibu lilikuja kidole hakijaondoka kwenye kitufe.

BABA. Nilijua! Wallahi nilijua! Nilimwambia kila mtu!

Jamani. Mwatima alilitazama neno lile. Kisha wazo likamjia, zuri, jepesi, na alilielewa lote kwa mara moja. Angeweza kuandika: Rudi chuo, mwanangu. Basi, maneno matatu. Shifa angeamka kitandani saa ile ile, angeoga, angevaa, angekwenda. Amri ya baba haikuwahi kukataliwa nyumba ile. Angeandika na jengine: Msamehe bibi yako. Kula. Na kesho tena angekuja hapa, na kesho kutwa, akanunua mashine hii kuukuu, akaenda nayo Unguja, akaiweka dukani chini ya madera, na Shifa angekuwa na baba mpaka amalize chuo, mpaka aolewe. Kidole kilikwisha kuanza. Rudi chu

Dullah nyuma yake alikuwa anaona.

Akafuta. Herufi moja moja, mpaka pakawa peupe. Akaandika tena.

Ni mimi mama yako. Niko dukani. Mashine ya baba yako waliuziwa watu wa duka, wanawajaribia wateja. Baba yako hayupo.

Akalitazama neno la mwisho. Hayupo: kaenda sokoni, kaenda Huangpu, atarudi. Mwaka mzima alilisema hilo kwa watu, na lile jengine hakulitamka hata mara moja. Akalifuta.

Baba yako amekufa, Shifa.

Akatuma.

Lori likabaki limesimama kwenye mvua, feni ya mashine inaunguruma, kule nje mtu anakokota maboksi. Kisha simu ya Mwatima ikalia mkobani.

"Nani kaliandika jina langu?" Sauti ya Shifa ilikuwa kavu.

"Ni mimi."

"Na zile siku zote?"

"Mwenye duka. Dakika mbili tatu, anamsikilizisha mteja."

"Hajawahi kuwa yeye? Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mwanangu."

Mwatima alimsikia akipumua. Alimsikia bibi yake kwa mbali akiuliza nani huyo.

"Mwambie aizime," Shifa akasema. "Mama, tafadhali. Aizime."

Mwatima akamwashiria laoban, na laoban, ambaye hakuelewa neno lakini alikuwa ameshaivua miwani na kuishika mkononi, akabonyeza. Mvua ikakatika, muungurumo ukashuka, ukafa. Kule Kikwajuni mtu alitoa sauti ambayo Mwatima hakuwahi kuisikia, wala siku ya msiba, kwa sababu siku ya msiba Shifa hakulia. Sasa akalia. Alilia kwa kwikwi, kwa jina la baba yake, akalia mpaka bibi akaja, na bibi naye akaanza, na simu yote ikawa vilio. Mwatima aliibana sikioni asipoteze hata kimoja. Dullah alikuwa amegeukia ukutani.

Muda ukapita. Shifa akavuta kamasi.

"Mama," akasema, "pole kwa kufiwa."

Mamia ya watu walikuwa wamempa pole Mwatima, na wote aliwajibu papo hapo, mkavu wa macho, lile jibu linalotakiwa: nishapoa. Alifungua mdomo amjibu mwanawe hivyo hivyo. Kikatoka kilio.